Zarda Ng'ambo ya Mto

Tangu theluji ya kwanza, Zaibun aliwaita mbuzi wake kwa kutikisa chumvi ndani ya kopo. Wanawake wa Gojal, huko milimani, wana mwito wao wa kuita mbuzi wakamuliwe, na wa Zaibun ulikuwa na nguvu ya kuvuka bonde zima. Ndiyo maana Niyat, mlinzi wa wanyamapori na mtoto wa kaka yake, alimsihi anyamaze mpaka theluji iyeyuke.

Zarda, mbuzi wake kipenzi, alikuwa ng'ambo ya mto, juu majabalini, pamoja na mbuzi mwitu. Msimu wa kupandana alimfuata beberu mwenye pembe kubwa, akagoma kurudi.

"Hongera, Shangazi," Niyat alimtania. "Umepata mkwe mwenye ndevu."

Zaibun alicheka, lakini roho ilikuwa juu juu. Zarda alifiwa na mama angali mchanga. Yeye ndiye aliyemlea, kando ya jiko, ndani ya shali yake.

"Watazame," Niyat alisema akimpa darubini. "Pale upepo unaondoa theluji, majani makavu yanabaki wazi. Wanaota jua, hawatembei ovyo. Wanaishi kwa mafuta ya kiangazi. Ukimkurupusha mmoja, umemlia akiba yake."

"Na mwanangu je?"

"Anawaiga. Mwache hivyo hivyo."

Zaibun akamwacha Zarda huko. Kila asubuhi alipanda paani kumtafuta, akashuka kupika chai ya chumvi asiyokuwa na hamu nayo. Kwa darubini mbavu za Zarda zilihesabika.

Kisha theluji nzito ikaanguka mfululizo. Ilipokatika, mbuzi mwitu hawakuonekana. Zarda alisimama peke yake juu ya mwamba, kichwa chini.

"Wamemtelekeza," Zaibun alisema.

"Wamejibanza nyuma ya ukingo. Jua likitoka watarudi. Shangazi, nakuomba sana."

Niyat akashuka kuzoa theluji mlangoni. Zaibun akajiziba mdomo kwa shali. Akajikaza, akajikaza tena. Mwito ukamtoka.

Zarda akainua kichwa. Akauacha mwamba, akaanza kuteremka korongoni, kuelekea nyumbani. Zaibun alifurahi. Hilo ndilo litakalomtafuna baadaye, kwamba mwanzoni alifurahi kabisa.

Halafu theluji ikamfika Zarda tumboni. Ikamfika kifuani.

Niyat alipanda mbio. Aliutazama mteremko, ile theluji mpya iliyoning'inia juu yake, akaketi. Yeyote ambaye angeukanyaga, theluji ingeporomoka imfukie.

"Nenda," Zaibun alisema.

"Siwezi, Shangazi."

"Basi nifanyeje arudi juu? Kuna mwito wa kumrudisha?"

"Unaniuliza mimi? Nyinyi ndio wenye miito."

Zaibun akafikiri. Mama yake alimfundisha kuita, na mama yake naye alifundishwa kuita. Hakuna aliyewahi kumfundisha kufukuza. Akapunga shali, akapiga kelele ya kumtisha. Kwa Zarda, sauti ilikuwa ile ile. Akajikwamua, akazama tena.

"Nyamaza sasa," Niyat alisema taratibu.

Akanyamaza, akaketi juu ya theluji paani. Jua likatoka. Mbuzi mwitu wakajitokeza mmoja mmoja kutoka nyuma ya ukingo, wakasimama juu ya mwamba, ubavu kwenye jua, bila haraka yoyote.

Zarda hakugeuka kuwatazama. Bonde lote lilikuwa kimya, hakuna aliyemwita, naye akajikwamua tena, hatua moja, kuelekea nyumbani.