Mkalimani wa Sinema ya Vyuma

Abner Makori hakujua Kiingereza. Hiyo ndiyo siri aliyoibeba tangu arudi kutoka vitani mwaka wa arobaini na sita, na koti zito la jeshi, na buti, na hadithi za Burma zisizokwisha. Watu wa Nyaramba waliamini kwamba huko alikuwa mkalimani wa afisa mmoja Mzungu. Ukweli ni kwamba alikuwa akiosha sufuria. Kiingereza alichokuja nacho kilikuwa cha kuamrishwa: njoo, toka, haraka, mjinga wewe. Lakini mahali ambapo wengi hawakuwa na hata hicho, kidogo chake kilitosha kumvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa miaka mitano bila kukivua.

Ndiyo maana Ogari alipopata mashine ya sinema, alimwendea Abner kwanza, awe mkalimani wake.

Ogari alikuwa amempikia mlowezi mmoja kule Nyansiongo kwa miaka tisa. Mlowezi alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia mpishi wake mashine hiyo, jenereta ndogo, na mikebe mitatu ya bati yenye filamu moja tu. Ogari akaomba stoo ya chama cha kahawa, akaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka jeupe ukutani. Kila Jumapili saa tisa alasiri watu wakajaa humo kama kumbikumbi, Wasabato waliosali jana yake na Wakatoliki waliotoka misa asubuhi, wakikanyagana vidole gizani.

Ilikuwa filamu ya kutisha. Ndani ya kiwanda kikubwa mashine zilianza kujiendesha zenyewe. Magurudumu yalizunguka bila kuguswa, minyororo ikatambaa sakafuni kama nyoka, mikono ya chuma ikawakamata wafanyakazi mmoja mmoja. Palikuwa na tajiri mnene asiyetoa sigara mdomoni, na fundi kijana aliyekuwa akimkimbilia kila mara kumwambia jambo. Mwishoni tajiri alimezwa, kikabaki kiatu chake kimoja nje. Wazungu wale walisema mengi, tena mbiombio, na sauti yenyewe ilikwaruza kama kifua cha mtu mwenye pumu. Abner, amesimama kando ya shuka na fimbo yake mkononi, hakushika hata sentensi moja.

Basi akatunga. Aliwaambia watu kwa Kikisii kwamba yule tajiri alikuwa akizilisha mashine zake damu ya mbuzi ili zimtajirishe, na siku moja mbuzi wakamwishia. "Chuma kikishaonja damu hakisahau," alisema, na kila mashine ilipomkamata mtu, Abner aliikopesha sauti nzito kutoka tumboni: "Nimeonja, nipe tena!"

Kufikia Jumapili ya nne watu walikuwa wakilitamka neno hilo pamoja naye. Kufikia ya saba walikuwa wakilitamka sokoni na kisimani, na akina mama waliwatishia watoto wasiotaka kulala kwa hilo hilo. Walikuwapo waliotembea kutoka Manga kila wiki kuja kutazama kitu walichokwisha kukitazama mara sita, wakigombania mahali pale pale walipokaa mara ya kwanza, kana kwamba ni kanisani. Abner akipita njiani, wanaume waliokuwa hawamsalimu walimsimamisha.

Halafu Jumapili moja aliona mtu akipiga miayo. Mtu mmoja tu, lakini miayo ile ilimchoma. Mashine kubwa ya kwenye shuka ilipoanza kukohoa kabla ya kuamka, Abner alinyoosha fimbo yake upande wa soko.

"Mnaisikia?" akauliza. "Hata ile ya Odero hukohoa hivi hivi jioni. Mmewahi kujiuliza inaomba nini?"

Stoo ililipuka kwa vicheko na mayowe. Hakuna aliyepiga miayo tena.

Odero alikuwa Mjaluo kutoka pwani ya ziwa, mtu mpole wa maneno machache, aliyehamia Nyaramba miaka minne kabla na mkewe Benter. Ndiye mwenye mashine ya kusaga unga pale sokoni, na wajane na wazee aliwatanguliza siku zote, hata foleni ilalamike vipi. Abner hakuwa na ugomvi naye. Alihitaji tu kitu cha karibu cha kuwatishia watu, na mashine ya Odero ilikuwa karibu.

Wiki iliyofuata akaongeza kidogo, na iliyofuata akaongeza tena. Foleni ya Odero ikawa fupi, kisha ikawa watu wawili watatu. Mama yake Abner, Bathsheba, aliyepita miaka sitini, alilirudia jiwe la kusagia alilokuwa ameliacha nje kwenye mvua. Abner alimkuta amepiga magoti, pumzi zikimkatika.

"Mama, acha hiyo. Peleka mahindi kwa Odero."

"Si wewe uliyesema mashine ile inatafuta damu?"

"Yale ni mambo ya sinema tu, mama."

Bathsheba alijifuta jasho kwa kiganja, akamtazama. "Kwani iliyosema ni sinema, au ni wewe?"

Abner akasema anakwenda kutafuta jembe. Hakuwa na haja ya jembe. Alisimama nyuma ya migomba hadi jiwe liliponyamaza.

Jumapili hiyo Odero mwenyewe alikuja kwenye sinema. Alikaa nyuma kabisa, akatazama mwanzo hadi mwisho, na watu walipotoka alibaki. Kwa miaka minne alikuwa amekisikia Kikisii cha kutosha. Na kabla ya kuja Nyaramba alikuwa amefanya kazi karakana ya reli Kisumu, chini ya mafundi Wazungu, miaka kumi na moja.

"Bwana Abner," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ili Ogari asisikie, "yule kijana hakutaja damu. Alikuwa akimwambia tajiri kwamba mashine zimechoka na watu wamechoka, wazime wapumzike. Tajiri anakataa. Hayo tu, toka mwanzo hadi mwisho."

Abner alihisi masikio yakimwaka.

"Sauti ile mbovu," alisema. "Siku nyingine haisikiki vizuri."

"Najua." Odero hakumcheka, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kicheko. "Sikuja kukuaibisha. Sitamwambia mtu unajua nini na hujui nini. Jumapili ijayo waambie tu kwamba ile habari ya mashine yangu ulikuwa unatania. Benter sasa hauziwi hata mboga sokoni."

"Nitawaambia, ndugu yangu. Haki ya Mungu, nitawaambia."

Wakapeana mikono.

Wiki nzima Abner aliyafanyia mazoezi maneno yake shambani. Jumapili ilipofika, Odero na Benter walikaa nyuma, pamoja, Benter na kitambaa kipya kichwani. Mashine ikaanza kukohoa kwenye shuka. Abner akafungua mdomo. Lakini kabla hajasema neno, watu, kwa sauti moja, wakaanza kuita: "Ya Odero! Ya Odero! Inaomba nini?"

Mamia ya nyuso zilimgeukia, mwanga wa shuka ukizimulika, zote zikimngoja yeye. Aliangalia nyuma. Aliyaona macho ya Odero, na Odero aliyaona yake.

"Inaomba!" Abner akanguruma. "Imechoka na mahindi! Nimeonja, nipe tena!"

Hakuwahi kushangiliwa vile. Taa zilipowashwa, viti viwili vya nyuma vilikuwa vitupu.

Jumanne ilikuwa siku ya soko. Asubuhi, mtoto mmoja alijikata mguu kwa kigae mbele ya mlango wa mashine, damu ikadondoka kizingitini, na hiyo ikatosha. Nyangate, mwanamke mwenye kauli pale sokoni, ndiye aliyetupa jiwe la kwanza ndani ya mdomo wa mashine, ikiwa bado inazunguka. Wengine wakafuata na mawe, na vyuma, na mchi. Odero alikimbia kuzima injini wasije wakaumia waliokuwa karibu. Ndipo mkanda ulipokatika, ukamchapa usoni.

Abner alizisikia kelele akiwa kilimani. Alipofika, mashine ilikuwa imekufa, unga umetapakaa mpaka barabarani, na Odero alikuwa ameshapakiwa kwenye lori kupelekwa hospitali mjini. Watu walimpokea kwa shangwe. "Mkalimani! Tumeiua!" Mwanamume mmoja alimshika mkono kwa nguvu akauinua juu. Abner aliuvuta mkono wake, akaenda kujificha nyuma ya kibanda cha ndizi.

Siku nne hakula. Ya tano habari ikaja kwamba jicho la kushoto la Odero halitaona tena. Jumanne iliyofuata Abner alipanda juu ya kreti katikati ya soko, akavua kofia.

"Ndugu zangu, mimi sijui Kiingereza," alisema. "Sikuwa mkalimani, nilikuwa naosha sufuria. Maneno yote ya sinema niliyatunga. Mashine ya Odero ilikuwa inasaga unga, basi."

Lakini sauti yake ilikuwa imezoea stoo ya kahawa, na mikono yake, bila yeye kutaka, ilikuwa imepaa hewani kama inavyopaa kila Jumapili. Mtu akacheka. Mwingine akapiga makofi. "Leo ametoa mpya!" wakaambiana, na nyuma kabisa mtu akaita kwa sauti nzito: "Nimeonja, nipe tena!" Soko zima likaangua kicheko. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kushangilia, hata akashuka kwenye kreti akilia, na kilio nacho wakakisifu.

Mmoja tu hakucheka. Bathsheba alimshika mwanawe kiwiko, akamwongoza moja kwa moja hadi nyumbani kwa Odero.

Mizigo ilikuwa imefungwa mlangoni. Odero, aliyerudi kutoka hospitali jana yake, aliketi juu ya godoro lililokunjwa, bandeji nusu ya uso. Hawakukaribishwa ndani.

"Nimekuja kuomba msamaha," Abner alisema. "Leo nimewaambia."

"Tumesikia wakicheka," alisema Benter. "Ulingoja jicho lipofuke ndipo ulimi wako upone?"

Odero aliinua mkono kumtuliza mkewe.

"Ile ya kwanza ningekusamehe, Abner. Hukunifikiria, ulikuwa unachekesha watu. Lakini ile ya mwisho ulinitazama kwanza. Ulinitazama, halafu ukasema."

"Ndiyo," Abner alisema.

"Basi. Tunarudi kwetu. Nenda nyumbani."

Lori lilipofika Abner alinyanyua sanduku moja apakie. Odero akamwambia aliweke chini, naye akaliweka. Bathsheba alimpa Benter mkono. Benter aliutazama mkono ule mzee, wenye malengelenge mapya, kisha akaupokea.

Njiani kurudi, mama alisimama mahali njia inapogawanyika.

"Kesho utaanzia kwa Nyangate," Bathsheba alisema. "Kisha nyumba baada ya nyumba, hadi Manga ikibidi. Uwaambie mmoja mmoja, si kwenye kundi. Na mikono yako uiweke nyuma."

Kulipopambazuka Abner alisimama mbele ya nyumba ya Nyangate. Koti la jeshi alikuwa ameliacha. Nyangate alitoka na ungo mkononi, akamwona, uso ukamchanua kwa tabasamu la mtu anayengoja kuchekeshwa.

Abner alishikanisha mikono yake nyuma ya mgongo, akaikaza, akaanza.