Mume wa Wake Kumi na Tisa

Mshauri alifika zahanati saa mbili asubuhi akiwa ndani ya gauni lake la sherehe, maana siku hiyo ilikuwa yake. Kazi yake ilikuwa kuzishauri shule na mashirika jinsi ya kuwahudumia wanawake na wanaume kwa haki, hasa kwenye mambo ya afya, na kwa jinsi alivyopenda takwimu watu walimbatiza Bi Asilimia. Jina alilipenda, ingawa alijikausha kama halijui.

Mwaka mmoja nyuma ndiye aliyewapa zahanati ile wazo: mjamzito akija kliniki na mumewe, ahudumiwe kwanza. Nia ilikuwa nzuri, usipime. Wanaume waliozoea kusema mimba ni mambo ya kina mama wangejifunza dalili za hatari na kupimwa afya zao. Zahanati nyingine tano zikaiga, naye akaenda kuwabandikia tangazo: wenye waume kwanza. Sasa waume, ambao zamani walikuwa wanne kwa kila wajawazito mia, wamefika tisini na wawili. Tisini na wawili, jamani. Saa sita Mganga Mkuu wa wilaya angekuja kutia sahihi ili utaratibu uende kwenye zahanati zote arobaini. Bi Asilimia alikuwa amevimba kichwa, na nani asingevimba?

Akaomba daftari la mahudhurio, kujifurahisha tu. Ukurasa wa kwanza akatabasamu. Wa pili akatabasamu nusu. Wa tatu akavaa miwani. Jina moja la mume lilikuwa linajirudia, sahihi ile ile yenye mkia uliojikunja. Akahesabu: mara kumi na tisa, ndani ya mwezi mmoja.

"Huyu bwana ni nani?" akamuuliza muuguzi wa zamu.

Muuguzi akaangalia dari. "Ni fundi viatu. Anakaa hapo getini."

"Ana wake wangapi?"

"Mwezi huu, au tangu tuanze?"

Bi Asilimia akatoka nje, daftari kwapani. Fundi viatu alikuwa mtu mzima mwenye mvi za pembeni, anashona soli ya kiatu cha shule, na wala hakujitetea.

"Mama, wananiomba. Mmoja mumewe yuko kazini mbali. Mwingine mwanaume alitoweka siku ile ile aliposikia habari ya mimba. Mwingine ni mjane. Wakija peke yao wanakaa mpaka saa tisa, kisha wanaambiwa warudi kesho. Mimi niko hapa hapa, nifanyeje? Naweka sindano chini, naingia, nakuwa mume robo saa, narudi kwenye viatu vyangu. Tena wengine wananigombeza kweli humo ndani, ili ionekane ni ndoa."

Bi Asilimia alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Na usipokuwepo?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu benchi la mwisho barazani. "Yule binti msusi. Juzi alinikosa, nilikuwa nimefuata ngozi. Leo wamenikataza nisiingie, eti kuna wageni."

Binti alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, viatu amevivua kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, havivaliki. Miezi minane. Sasa, Bi Asilimia alikuwa mkunga miaka kumi na mmoja kabla hajaanza kushauri watu, na mkunga hastaafu macho. Akaketi kando yake.

"Mwanangu, kichwa kinakuuma?"

"Tangu juzi, mama. Na naona vinyota."

"Umewaambia?"

"Waliniuliza mume yuko wapi. Nikasema sina. Wakasema nisubiri."

Bi Asilimia akainuka. Akaenda kuchukua kipimo cha presha yeye mwenyewe, gauni la sherehe na yote, akapiga magoti sakafuni. Mia na themanini kwa mia na kumi na tano. Akapima tena, kwa kuomba awe amekosea, hakuwa amekosea. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni, na kikiingia kinabeba mama na mtoto. Muuguzi alipoiona namba ile hakungoja kuambiwa. Alikimbilia sindano ya kuzuia kifafa, akaita gari la wagonjwa.

"Nitakufa, mama?" binti akauliza wakimpandisha garini.

"Hufi. Unanisikia? Hufi."

Alisema kwa sauti nzima, lakini hakuwa na hakika, na kutokuwa na hakika kule kulimuuma kuliko jambo lolote lililowahi kumpata kazini.

Saa sita Mganga Mkuu alifika kwenye ukumbi wa zahanati, akapigiwa makofi na wageni, akafungua kalamu. Bi Asilimia angeweza kunyamaza. Nani angejua? Akapiga moyo konde, akasimama.

"Usitie sahihi, mheshimiwa. Utaratibu huu ni wangu, na unaumiza watu. Nilitaka kuwaleta wanaume, nikawasukuma nyuma wanawake wasio nao. Hiyo asilimia tisini na mbili, nusu yake ni fundi viatu."

Watu wakacheka, wakaona hacheki, wakaacha. Akawaeleza habari ya msusi bila kuficha chochote. Uso wa Mganga Mkuu ulikunjamana, maana hakupenda kuaibishwa mbele za watu.

"Kwa hiyo tuwafukuze wanaume?"

"Hapana. Mume akija tumkaribishe na tumpe kiti. Ila asiwe tiketi ya mkewe. Mwenye dalili ya hatari awatangulie wote, na wengine waonwe kama walivyofika."

Kisha muuguzi wa zamu akainuka. "Nimewarudisha wengi," alisema. "Sura zao nazijua." Mganga Mkuu akamtazama, akainamia karatasi na kuikata kwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

Simu ya Bi Asilimia ikaita kabla hajakaa. Ilikuwa hospitali. Wamempasua binti, amepata mtoto wa kike, kilo mbili na kidogo, aliyelia hata kabla ya kufutwa. Mama ameamka, anauliza kama wembe uliokata kitovu cha mtoto ulikuwa safi. Bi Asilimia akawatangazia watu, akalia palepale bila kujali wanja, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Zile zahanati tano nyingine," alisema Mganga Mkuu, sauti imelainika, "wiki ijayo tutaziandikia barua."

Bi Asilimia alikuwa ameshashika mkoba. "Wajawazito wako kwenye mabenchi sasa hivi, mheshimiwa."

Saa nane alikuwa kwenye zahanati ya kwanza kati ya zile tano, anabandua tangazo la wenye waume ukutani, anakwangua gundi kwa kucha. Mwanamke mmoja, mimba imemjaa, akamwita kutoka benchi la nyuma.

"Wewe mama, hilo ni tangazo la wakubwa. Wewe ni nani mpaka ulitoe?"

"Ni mimi niliyelibandika," alisema Bi Asilimia. "Nimekosa, nisamehe. Umefika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Basi inuka, twende. Wewe ndiye wa kwanza."