Godoro la Dada

Fundi wa magodoro aliitwa Gunia tangu utotoni, na jina lilimkaa sawasawa, maana alizaliwa mnene, akakua mnene, na uzee ukamkuta hivyo hivyo. Dada yake, aliyemtangulia kwa miaka sita, watu walimwita Sindano. Mwembamba alikuwa, ndiyo, lakini hasa ni ule ulimi. Wazazi walishatangulia, ndugu wengine nao wakapukutika mmoja mmoja, wakabaki hao wawili, nyumba zao zimetenganishwa na mtaa mmoja na duka la viatu.

Sasa huyo dada akateleza bafuni, akaumia mgongo. Hakuvunjika, lakini asubuhi akawa hawezi kuinuka mpaka jirani aje amvute. Binti yake, anayeishi mbali, safari ya kutwa nzima, akaja akauguza wiki moja, halafu akasema mbele ya mjomba wake, "Mama, nakupa mwezi. Nikirudi nikute unaamka mwenyewe. Kama huwezi, unahamia kwangu, na hii nyumba tunaifunga."

Hakusema kwa ubaya. Ana kazi, ana watoto, mama atamwachia nani? Lakini Sindano aliipokea kama hukumu. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, tofali moja moja. Gunia naye hakulala vizuri siku ile. Ukishabaki na dada mmoja tu duniani, akihama utabishana na nani? Na ukuta?

Daktari alishauri godoro imara, maana lile la zamani lilishatepeta katikati, ukilala unakutana na magoti yako.

"Hilo niachieni mimi," Gunia akasema.

Na kweli, kwa kazi hiyo alikuwa na sifa yake. Pamba aliichambua kwa mkono, akaishindilia kwa mpini wa jembe, na kila godoro kabla ya kulifunga alilala juu yake mwenyewe, chali, akahesabu mpaka mia. Likibonyea, anaongeza pamba. Lisipobonyea, anashona mdomo kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na likishashonwa ndiyo basi. Mteja akirudi kulalamika anamwambia, "Godoro si mfuko wa sokoni, halifunguliwi." Huo ndio ulikuwa msimamo wake, miaka thelathini na ushee, wala mkewe hakuweza kumtikisa.

La dada yake alishindilia mara mbili ya kawaida. Mapenzi hayo. Walilibeba wanaume watatu, na mmoja akauliza kama ndani mna mtu.

Basi kila akipita kumjulia hali, anauliza, "Umelalaje, dada?"

"Kama maiti," dada anajibu.

Na Gunia anaondoka kifua mbele, anapiga mluzi.

Zikabaki siku kumi na moja. Asubuhi hiyo alimkuta dada ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshainuliwa, uso umekunjamana kwa maumivu. Jirani alikuwa anaosha vikombe. Gunia akavuta shuka alikung'ute godoro, na hapo akasimama kama aliyesahau alichofuata. Godoro lilikuwa bado na mistari ya chaki. Fundi huchora chaki kabla ya kutia vifundo vya kushikilia pamba, na chaki hiyo mtu akilala siku tatu nne inafutika yote. Hii ilikuwa nyeupe kama ya jana.

Akainama, kwa shida, akachungulia chini ya kitanda. Lile godoro kuukuu, alilopewa jirani akalitupe, lilikuwa limekunjwa huko, limefungwa kamba, likingoja kutandikwa juu ya jipya usiku. Jirani akazidi kusugua kikombe kimoja kilichokwisha takata zamani.

"Dada, hulalii godoro langu."

"Nalilalia."

"Chaki inasema hulali."

Sindano akatazama dirishani. "Nililala usiku mmoja, Gunia. Asubuhi nikajipapasa nione kama bado nipo. Daktari alisema godoro imara, mdogo wangu, hakusema kaburi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga mluzi. Halafu wewe ukishashona hufungui, nani hajui? Tumebaki wawili, nigombane na wewe kwa ajili ya pamba?"

Gunia akapanda akajilaza. Mgongo ukatulia, mabega yakatulia, karibu usingizi umchukue. "Mbona liko sawa kabisa."

"Wewe hata sakafu ukiilalia inabonyea. Shuka, kabla kitanda hakijatoa kauli."

Akashuka. Akamsaidia dada kulala chali, taratibu, halafu akapitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kikapita bila kugusa kitu, kama barua chini ya mlango. Mabega yamegota juu, makalio yamegota juu, na mgongo mgonjwa unaning'inia katikati, hauna wa kuushika. Gunia akaacha mkono wake pale kwa muda. Miaka yote hiyo alikuwa anapima magodoro ya watu kwa uzito wake yeye. Akakumbuka wateja waliokuwa wadogo wa umbo, yule mshonaji, yule mwalimu mstaafu, walivyomshukuru kwa adabu na wasirudi tena.

"Nimekuumiza, dada."

"Umenipenda kwa nguvu, basi. Nisogezee mto."

Siku hiyo hiyo godoro likarudi kwenye karakana, na dada akalifuata taratibu, ameshikwa mkono na jirani. Gunia akashika mkasi, akakata uzi wake mwenyewe, na mkono haukuwa mwepesi. Akamlaza dada juu yake, mbele ya wateja, akawa anatoa pamba konzi kwa konzi na kupima kwa kiganja.

"Bado," anasema dada.

"Nikitoa zaidi litatepeta."

"Mgongo ni wa nani?"

Akatoa. Pamba iliyotoka ilipofika karibu nusu gunia, kiganja hakikupita tena. Kiuno kilikuwa kimeshikwa, na ukibonyeza kwa ngumi, pamba inarudi juu. Akashona. Jirani akapewa lile kuukuu akalitupe, na safari hii akalitupa kweli.

Binti alifika jioni ya siku ya mwisho, na mabegi mawili matupu. Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, yeye na mjomba wake wakasimama mlangoni mwa chumba. Sindano aliwaona. Akageuka ubavu. Akapumzika. Akashusha miguu, mmoja, halafu wa pili. Akaweka mikono miwili kwenye ukingo wa godoro, nalo likamstahimili. Akajisukuma, akafika katikati, akasimama hapo, hajainuka wala hajakaa.

Gunia mguu ulishatoka. Binti akamshika mkono. "Mjomba, mwache."

Hapo ndipo Gunia alipojikaza kuliko siku yoyote ya maisha yake. Akakamata fremu ya mlango, akauma meno, akakaa palepale.

Sindano akanyooka. Akavuta pumzi, akarekebisha kanga yake kiunoni.

"Mnanitazama nini, mimi sinema? Mmoja akateleke chai. Na wewe, mwanangu, hayo mabegi yaondoe mlangoni, nisije nikajikwaa bure."

Binti akayaokota yote mawili. Gunia alikuwa bado ameshikilia fremu.