Kifo cha Nne

Mwaka huu nimekufa mara tatu, na zote tatu ni kwa kutoa mimba. Mara ya kwanza nilifia hospitalini, ya pili ndani ya gari njiani kwenda Holili, ya tatu kwenye chumba cha gesti. Given, mwongozaji wetu wa tamthilia, anasema nina uso wa kufa vizuri. Kabla sijakata roho naomba msamaha kwa mama, kwa mchungaji na kwa majirani, kinanda kinalia, na watu mtandaoni wanaandika: amejitakia.

Hakuna anayejua kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilitoa kweli. Sikufa. Nililala siku nne kwa rafiki yangu, nikarudi nyumbani Shirimatunda nikafua nguo za watu wote. Mama aliuliza mbona nimekonda. Nikasema malaria. Sasa ni miaka saba. Kila ninapokufa kwenye runinga mama anapangusa macho na kusema, "Bora amepumzika," na mimi naingia jikoni kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Kifo cha nne tulikwenda kukirekodi Kibosho, kwa Bibi Theopista, aliyetuazima chumba na kitanda. Njiani nilimwambia Given, "Safari hii nipone."

Alicheka. "Herieth, ukipona tutakuwa tumefundisha nini?"

Nilichukia.

Basi tukafanya mazoezi asubuhi nzima, kisha nikalala, nikanyunyiziwa maji usoni yawe jasho. Kindness akawasha kamera. Martha, anayeigiza mama yangu, akasimama miguuni pangu akinilaani. Nikaanza, "Mama, nisamehe..." Mlango ukasukumwa, akaingia Bibi Theopista na bakuli la mtori wa ndizi.

"Bibi, tunarekodi!" Given alipiga kelele.

"Najua mnaigiza, sijazeeka kiasi hicho. Lakini nimesimama hapo dirishani tangu asubuhi. Mtoto ametokwa na damu, nyie mnamgombeza tu, hata maji hamjampa. Huku kwetu mwanamke akitokwa na damu analetewa mtori, awe na mtoto mkononi au asiwe naye."

Alikaa kitandani, akaniinua kichwa, akanilisha. Mtori ulikuwa wa moto, wenye nyama ya mafuta. Kisha akaniinamia sikioni. "Mimi aliniletea mama mkwe wangu," alisema. "Hakuniuliza kitu."

Nikalia. Kilio changu cha kuigiza ni kizuri, machozi mawili matatu yanayoshuka kwa mpangilio. Hiki kilikuja na makamasi. Nilikula huku nalia mpaka bakuli likaisha, na Kindness, Mungu ambariki, hakuzima kamera.

Given alitaka turudie. Nikamwambia nimeshiba, leo sifi.

Alinuna wiki mbili, halafu akairusha hivyo hivyo, maana chumba cha watu tulikuwa tumesharudisha na Bibi hakutaka kutuona tena na laana zetu.

Jumamosi iliporushwa nilikaa na mama kwenye kochi. Moyo ulinienda mbio kuliko siku yoyote niliyokufa. Mama alishika kitambaa chake tayari, akisubiri. Kwenye runinga nikalishwa, nikalia, nikakwangua bakuli, sehemu ikaisha. Kitambaa kilibaki mkononi. Mama amenisikia nikilia tangu siku niliyozaliwa. Hicho kilio hakuhitaji kuambiwa ni cha nini.

Aligeuka, akanitazama mimi.

"Ile malaria," alisema.

Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa maombi, kwa kufukuzwa. Mama aliinuka akaenda jikoni. Nilingoja, nikashindwa, nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, anamenya ndizi mshare, na machozi yanamdondokea kwenye maganda.

"Kalale," alisema bila kuinua uso. "Nitakuletea."