Pazia la Yu

Bosi wetu Kuramochi aliamini gemu tamu ni ile inayomtoa mchezaji jasho. Kwa hiyo Hozumi, mchoraji wetu, alipoomba chemchemi ya kuponya majeraha ndani ya pango, kabla ya chumba cha joka, alikataliwa. Kisingizio kilikuwa nafasi: kaseti ya gemu imejaa, maandishi ya kumweleza mchezaji chemchemi hayaingii hata kwa kusukuma. Hozumi alikuwa amechora kuta na mawe miaka mitatu. Hili ndilo lilikuwa wazo lake la kwanza, na iliniuma kuona likitupwa.

Kesho yake akaja na kipicha kimoja tu: pazia la mlangoni, la buluu, lenye herufi moja, "yu", yaani maji ya moto, kama lile la bafu la umma lililo chini ya ofisi yetu hapa Osaka. Nani asiyelijua? Maelezo ya nini tena? Nikamwandikia programu mchana uleule.

Bosi akasema atacheza mwenyewe mbele yetu. Akimfikia joka bila kuoga, pazia linafutwa. Akakunja mikono ya shati. Popo wakamng'ata, mifupa inayotembea ikampiga, akabaki na alama nne za uhai. Pazia likatokea. Alilitazama sana, mtu mzima na kiburi chake, kisha akaingia kimyakimya. Uhai ukajaa. Mtu mmoja akashusha pumzi kwa raha, na hakuwa ndani ya skrini.

Shujaa akatoka kifua mbele, akamvaa joka. Pigo moja, akafa.

"Nani kanivua deraya?" bosi akauliza.

Kosa lilikuwa langu. Nimekulia kwenye mabafu hayo. Niliandika shujaa avue kila kitu, hadi vazi lake la chuma, kabla ya kugusa maji, nikasahau kumvalisha.

"Mimi, bosi. Mtu haogi na chuma."

"Haogi, kweli. Ila wewe ukitoka kuoga unapita barabarani uchi?"

Hozumi akasema kwa sauti ndogo kwamba kapu la nguo mlangoni, shujaa achukue vazi lake akitoka, lingetosha, ila nafasi ndiyo hivyo, imekwisha.

Bosi akafungua ukurasa wa mwisho wa gemu, wenye majina yetu. Lake lilikuwa na mstari mzima wa sifa, alioutunga mwenyewe. Akazifuta sifa. Nafasi ikapatikana, kapu likaingia. Kisha akafuta na jina lake.

"Hilo la nini tena, bosi?" Hozumi akauliza.

"Nafasi ya taulo," akasema. "Atoke amejifuta."