Siku Friji Ilipopumzishwa

Siku ya tano baada ya sikukuu, Sharvani aliinamia hadubini akaona seli zimeanza kuota mikia.

Zilikuwa seli shina za ubongo, zilizotengenezwa kutokana na ngozi ya Chinmay, mtoto aliyezaliwa na kichwa kidogo na kufariki kabla ya miaka miwili. Seli kama hizo huendelea kugawanyika zikipewa kichocheo cha ukuaji kila siku. Zikikikosa, hutulia kwenye kisahani, hurefusha mikia na kuwa seli za neva. Zikishafika huko hazirudi.

Lakini alikuwa amezilisha kwa mkono wake: dozi ya siku mbili kabla ya kuondoka kwa sikukuu, kisha kila siku tangu arudi. Alishika chupa ya kichocheo. Ilikuwa ya baridi. Akaivuta friji ndogo ilimohifadhiwa, akachomoa plagi aikague. Kati ya miguu ya plagi palikuwa na doa la unga mwekundu.

Madoa hayo yalikuwa kila mahali maabarani. Katika mji wote wa Mysuru, sikukuu ile ni ya kuviheshimu vyombo vya kazi, na vyombo hupumzishwa. Puttaraju, fundi wa maabara kwa miaka thelathini, alikuwa ameviosha, akavipaka unga na kuvivika maua. Kwenye kabati la joto la kukuzia seli Sharvani alikuwa amebandika karatasi: usizime. Kwenye friji hakubandika kitu, kisha akaenda kwao kwa sikukuu.

"Mjomba, friji nayo uliizima?" Sharvani alimuuliza mzee.

"Niliipumzisha siku mbili. Nikaiwasha kabla hujarudi." Akatabasamu. "Nyinyi wasomi hamlali. Sasa mnataka na friji zisilale?"

Sharvani alipomweleza kwamba kichocheo kiliharibika kwa joto, na kwamba siku zote hizo alikuwa akizilisha seli maji matupu, mzee hakujitetea. Alipanda kwenye maabara ya ghorofa ya juu akaomba chupa nyingine, akarudi nayo kwenye barafu, amelowa jasho. Wakazitia seli kichocheo kipya. Wakangoja siku mbili. Mikia ilizidi kurefuka, ikatafutana, ikashikana. Akiba ya seli zilizogandishwa ilikuwa imeshindwa kuamka tangu masika, na mwili wa Chinmay ulikuwa umechomwa kando ya mto, kama ilivyo desturi; pa kupata seli nyingine hapakuwapo.

Ijumaa mama wa Chinmay, Gowramma, alipiga simu kutoka Nanjangud, kama kila Ijumaa. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Alichotaka kujua ni kama huyu wa tumboni atakuwa kama kaka yake, na seli zile ndizo zingejibu, kama zingeongezeka vya kutosha.

Sharvani alimwambia kila kitu, polepole. Alisema kosa ni lake pia. Puttaraju alisimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mkononi.

Gowramma akauliza, "Kwa hiyo hamtajua?"

"Hatutajua, dada."

"Na yeye, hapo kwenye kisahani, amekufa?"

"Hapana. Seli hazitaongezeka tena, lakini ziko hai. Wiki tatu, labda nne."

"Basi mlishe, mdogo wangu. Usimwache na njaa."

Sharvani alitaka kumwambia kwamba haisaidii kitu. Mwishowe aliitikia tu. Simu ilipokatika, Puttaraju alikuwa ameshanawa mikono na kukitoa chakula cha seli kwenye friji. Alikipasha joto, akamsogezea, akamshikia kifuniko cha kisahani.