Mabenchi ya Mbambakofi

Gladys alikuwa ameshainua shoka Kalume alipoingia uani mwa kanisa.

"Ngoja, mama! Usipige!"

Wanawake waliokuwa wakichagua mchele wakageuka. Mabenchi kumi na mawili yalikuwa yamerundikwa kando ya mafiga. Ndani ya kanisa, viti vipya vya plastiki vilishapangwa kwa harusi ya kesho.

"Shikamoo, mzee," Gladys alisema, akishusha shoka. "Mchungaji ameturuhusu. Kuni zimetuishia."

"Marahaba. Huo ni mbambakofi, mwanangu, mti mgumu usiooza."

"Ni kuni tu, mzee. Si unaona ulivyopauka?"

Kalume alipapasa benchi la juu. Mabenchi hayo aliyaunda mwenyewe miaka thelathini na mmoja iliyopita, kutokana na maboriti ya ghala la pamba lililobomolewa Malindi. Hata wakati ule mti huo ulikuwa umekula chumvi nyingi kuliko yeye. Aliyaunga kwa ndimi za mbao, bila msumari hata mmoja, na marehemu mkewe akayapiga msasa hadi viganja vikamchubuka.

"Nikiwaletea kuni nyingine, mtaniachia haya?"

"Kuni gani saa hizi, mzee?"

Nyuma ya nyumba yake Kalume alikuwa na nguzo ishirini za mvinje, zimekauka vizuri, amezifunika makuti. Zilikuwa za kujengea chumba cha Wangu, bintiye aliyeko Nairobi, aliyesema angekuja na watoto Desemba. Desemba tatu zilishapita. Kalume alisimama mbele ya nguzo zile, akatoa simu.

"Wangu, mwanangu, mwaka huu mtakuja?"

Alisikia runinga upande wa pili, na mtoto akicheka.

"Baba, nilikwambia nitaangalia."

"Desemba?"

"Nitaangalia, baba."

"Haya. Wasalimie."

Akazipakia nguzo kwenye mkokoteni, akazipeleka kanisani kwa safari tatu. Kila aliporudi, alirudi na mabenchi manne.

Siku ya pili baada ya harusi alifungua viungo vya benchi moja, akazipiga randa mbao zake. Rangi ya majivu ilitoka kwa maranda marefu, na chini yake mti ukawa mwekundu, wenye mafuta, kana kwamba umekatwa jana. Alikuwa bado ameuinamia Gladys alipobisha hodi.

"Mzee, naona haya kukuomba. Mamangu analala chini tangu kitanda chake kioze kwa mvua."

"Ana urefu gani?"

Gladys akagusa bega lake. "Anaishia hapa."

Benchi lile na jingine moja yalitosha. Kwa siku tatu Kalume alipima, akachonga, akatoboa kwa patasi. Alipokipeleka kitanda, bibi kizee alikikandamiza kwa kiganja kila pembe.

"Hiki kitanizidi umri," alisema.

"Kimeshakuzidi, mama."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama. "Na wewe nyumbani unacheka na nani?"

Kalume alijifanya anakusanya vyombo vyake.

Aliporudi kwake jua lilikuwa limeinama. Kuku walikuwa wakipekua pale zilipokuwa nguzo. Mabenchi kumi yalisimama uani, na sasa tu ndipo alipoona kwamba siku ile, wakati wa kuyashusha, mikono yake iliyapanga mawili mawili kama kanisani, yote yakielekea barabarani; sasa zilibaki safu tano.

Alikwenda hadi safu ya nyuma, akaketi katikati ya benchi. Baada ya muda akasogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake.